Maswali ya Wasomaji: Safari ya Kurudi Porini

Barua nyingi za mwezi huu zinazunguka jambo moja. Je, bustani za wanyama na matangi ya samaki vinaokoa kweli viumbe vinavyopotea, au ni vizimba vya kutazamia tu? Tumechagua sita.

Tulifundishwa kwamba chura wa Kihansi aliokolewa Marekani. Kwa nini apelekwe mbali vile wakati maji yake yako Udzungwa? Na kama porini walikuwa maelfu, waliishaje wote?
*Mwanafunzi wa kidato cha sita, Iringa*

Anza na ukubwa wa nyumba yake. Chura huyu aliishi mahali pamoja tu duniani, kwenye korongo la mto Kihansi, milima ya Udzungwa, Tanzania, chini ya maporomoko, katika eneo la hekta 2 hivi. Viwanja vitatu vya mpira havitimii. Jike hafiki sentimita 3 na dume hafiki 2. Hatagi mayai majini kama vyura wengi. Anazaa watoto waliokwisha kuwa vyura, kila mmoja na urefu wa milimita 5 hivi. Maisha yote ya kiumbe huyu yalitegemea manyunyu ya maporomoko, yaliyolowesha majani na mawe mchana na usiku bila kukoma.

Wanasayansi walimgundua mwaka 1996, bwawa la umeme likiwa tayari linajengwa juu ya korongo. Mtambo wa megawati 180 ulipoanza kazi, karibu sehemu tisa kati ya kumi za maji ya mto zikaelekezwa kwenye handaki. Manyunyu yakakauka. Mwishoni mwa 2000 vyura 499 walikusanywa na kupelekwa Bronx, bustani ya wanyama ya New York, kisha wakagawanywa katika bustani kadhaa za Marekani. Hapa nyumbani hapakuwa na kituo cha kuzalisha vyura wa namna hiyo, na walioamua hawakuwa na mwaka wa kusubiri kijengwe.

Korongoni kwenyewe vilifungwa vinyunyizio vinavyoendeshwa na mteremko wa maji. Kwa muda vilifanya kazi, vyura wakaongezeka tena. Mwaka 2003 mambo matatu yakaangukia kipindi kimoja: vinyunyizio viliharibika wakati wa kiangazi, bwawa lilifunguliwa kwa muda mfupi ili kusukuma tope, na tope lile lilikuwa na viuatilifu vya mashamba ya mahindi ya juu ya mto, na ukungu uitwao kitridi ukaonekana kwenye ngozi za vyura. Chura hunywa maji na kurekebisha chumvi za mwili kupitia ngozi. Kitridi kinapoiharibu ngozi hiyo, chumvi za damu hushuka hadi moyo unasimama. Kufikia mapema 2004 waliobaki kuonekana walihesabika kwa vidole, na mwaka 2009 chura huyu akatangazwa kuwa ametoweka porini. Kama wale 499 wasingekuwa wameondolewa, leo tungekuwa tunasoma jina tu.

Lakini usidhani kule walistarehe. Walikufa kwa wingi, hadi wakabaki makumi tu, na bustani mbili pekee, Bronx na Toledo ya Ohio, ndizo zilizofanikiwa kuwaweka hai. Inafaa kueleza kilichokuwa kinakosewa, maana ndiyo makosa yanayomkuta kila anayefuga vyura wadogo.

La kwanza ni minyoo ya mapafu. Mayai yake hukoholewa, humezwa na kutoka na kinyesi. Viluwiluwi vya mnyoo hukua kwenye udongo kisha hutoboa ngozi ya chura na kurudi mapafuni. Porini chura anaacha kinyesi chake nyuma. Ndani ya tangi analala juu yake, kwa hiyo idadi ya minyoo inapanda kila wiki. Dawa peke yake haitoshi kama sakafu haibadilishwi. Tangi zuri la chura huyu lina chini inayopitisha maji, kokoto au wavu ulioinuliwa, na tundu la kutolea maji, ili kila mnyunyizo uoshe sakafu badala ya kutuama.

La pili ni chakula. Chura wa sentimita 2 anahitaji mawindo ya milimita 1 hadi 3: nzi wa matunda wasioweza kuruka, nyenje waliototolewa leo, na vidudu wadogo wa udongo wanaofugwa juu ya makaa yaliyoloweshwa. Wadudu wa kufugwa wana fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, na vitamini A yao ni haba. Hutikiswa ndani ya mfuko wenye unga wa kalsiamu na vitamini, kisha hupewa vyura palepale, kwa sababu mdudu hujisafisha na baada ya saa chache unga wote umeanguka. Vitamini A ikipungua, chura anaonekana mwenye njaa, anaruka kumfuata nzi na kumkosa: ulimi haunati tena. Mtunzaji asiyejua dalili hii ataongeza nzi, na chura atakufa njaa katikati ya chakula.

La tatu ni mwanga. Bila miale ya urujuanimno chura hatengenezi vitamini D, mifupa inalegea. Taa za miale hiyo hufifia miezi mingi kabla ya kuzimika, na jicho la mtu halioni tofauti. Hupimwa kwa kipimo, au hubadilishwa kwa ratiba hata kama bado zinawaka.

Na maji, bila shaka. Klorini ya bomba inaondoka ukiyaacha maji wazi siku nzima huku ukiyapulizia hewa, ila miji mingine hutumia kloramini, ambayo haiondoki hivyo. Inahitaji chujio la makaa au dawa ya kuitengua. Nozeli za kunyunyizia huziba kwa chokaa ya maji, na nozeli moja iliyoziba usiku wa Ijumaa inatosha kukausha tangi zima kabla ya Jumatatu.

Agosti 2010 vyura 100 walirudishwa kwa ndege hadi kituo kilichojengwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2012 wa majaribio 48 walipelekwa korongoni, wakifuatwa na makundi makubwa zaidi. Ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa amfibia aliyetangazwa kutoweka porini kurudishwa kwao. Kazi haijafika mwisho: kitridi hakifutiki korongoni, na vinyunyizio ndivyo mvua yao. Siku vikizimwa, vyura wa Dar es Salaam na wa Marekani watabaki bila nyumba ya kurudia.

Wanyama wa bustani si wote ni ndugu? Nasikia bongo, wale swala wakubwa wa msituni, walioletwa Kenya kutoka Marekani ni wa ukoo mmoja. Wataleta uzao gani?
*Mfugaji wa ng'ombe, Nyahururu*

Swali la mfugaji hasa, na mzee wetu utaelewa hesabu hii upesi kuliko wengi.

Wanyama 10 wasio ndugu, wakitolewa porini bila kuchagua, wanabeba takribani asilimia 95 ya utofauti wa vinasaba vya kundi lao. Ishirini wanabeba asilimia 97.5. Kuanza na wachache si balaa. Balaa inakuja baadaye, kwenye kuzalisha. Chukua kundi la bongo 25 lenye dume mmoja na majike 24. Kwa macho ni 25, lakini kwa vinasaba kundi hilo ni sawa na wanyama wasiofika 4, kwa kuwa kila ndama ana baba yule yule. Ungekuwa na madume 12 na majike 13, ungekaribia 25 kamili. Hata hapo, kundi la 25 hupoteza asilimia 2 ya utofauti kila kizazi, na baada ya vizazi kumi inabaki kama asilimia 82.

Ndiyo maana bustani zinazofanya kazi hii kwa dhati zina kitabu cha nasaba, kimoja kwa aina nzima, si kwa kila bustani. Kila mnyama ana namba, baba, mama na tarehe. Mratibu anakokotoa kila mmoja ana undugu kiasi gani na kundi zima, kisha anawapa nafasi ya kuzaa wale wenye ndugu wachache. Dume mzuri, mpole, aliyekwisha kuzaa sana husimamishwa. Hapo ndipo mameneja hugombana na mratibu, maana dume asiyezaa anakula majani yale yale. Kwa vyura, ambao huwezi kumtambua kila mmoja, hutumika njia ya makundi: wanawekwa katika matangi yenye namba, na kila baada ya muda madume wa tangi la kwanza huhamia la pili, wa pili la tatu, hivyo hivyo mpaka duara litimie.

Bongo wa milimani walio Marekani ni uzao wa wale waliokamatwa Kenya, hasa Aberdare, miaka ya 1960 na 1970. Mwaka 2004 walirudi 18, wakapelekwa Mlima Kenya. Mwaka 2025 walifika wengine 17 kutoka Florida. Porini wanakadiriwa kuwa chini ya 100, wametawanyika katika misitu isiyoungana, kwa hiyo damu hii kutoka nje ina thamani hata ikiwa na undugu.

Kilichowaumiza wale wa 2004 si undugu bali kupe. Baadhi yao walikufa kwa ugonjwa wa jamii ya ndigana kali unayoijua zizini kwako. Ndama anayezaliwa penye kupe huumwa mapema na kujenga kinga kidogo kidogo. Mnyama mzima aliyezaliwa mahali pasipo na kupe hao anakutana na vimelea kwa mara ya kwanza akiwa na mwili usiojua lolote. Kinga za vinasaba zinapangwa kwenye karatasi. Kinga ya ndigana hujengwa shambani, na huwa inasahaulika. Walioletwa huwekwa kwanza katika eneo dogo linalodhibitiwa kupe, damu inachunguzwa kila mara, kisha wanazoeshwa. Wanaotarajiwa kuishi msituni bila msaada ni ndama watakaozaliwa hapa.

Vifaru weusi kutoka Ulaya wamepelekwa Mkomazi na Akagera. Mnyama aliyelishwa na mtu tangu kuzaliwa anajuaje kuishi porini?
*Msomaji, Kigali*

Hajui. Anafundishwa kwa hatua, na anayekimbiza hatua anamzika.

Mkomazi, Tanzania, ilipokea vifaru watatu kutoka bustani ya Dvůr Králové ya Jamhuri ya Czech mwaka 2009 na watatu kutoka Port Lympne ya Uingereza mwaka 2012. Akagera ya Rwanda ilipokea watano kutoka bustani za Ulaya mwaka 2019. Kabla ya safari, kreti, yaani sanduku kubwa la kusafirishia, huwekwa ndani ya zizi la kifaru kwa wiki nyingi na chakula chake kinawekwa humo, mpaka aingie na kutulia mwenyewe. Kifaru aliyeingizwa kwa nguvu hujigonga hadi avunje pembe, na joto la mwili wake hupanda ndani ya kreti.

Akifika, anakaa bomani. Kifaru mweusi ni mla matawi. Ulaya alikula nyasi kavu na chakula cha punje, chenye madini ya chuma mengi na tanini (kemikali chungu ya mimea) kidogo, na chuma hicho hujikusanya katika maini; ni tatizo la kifaru mweusi wa bustani, wala si la kifaru mweupe anayekula nyasi. Kwa hiyo matawi ya hapa huongezwa polepole huku chakula cha zamani kikipunguzwa, ili vijidudu vya tumboni vipate muda wa kubadilika. Kutoka bomani anahamia uzio mpana zaidi, na kutoka hapo mpana kuliko huo.

Tishio kubwa ni mbung'o. Ulaya hakuna mbung'o, kwa hiyo kifaru hana kinga ya nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Hutegwa mitego ya kitambaa cha buluu na cheusi kuzunguka boma, dawa hupuliziwa, damu hupimwa. Kifaru akianza kuacha chakula na kusimama ameinamisha kichwa, hapimwi kesho.

Uniruhusu jambo moja pembeni, kwa sababu barua nyingine tatu zimeuliza kuhusu Najin na Fatu wa hifadhi ya Ol Pejeta, Kenya. Hao ni vifaru weupe wa kaskazini, majike wawili wa mwisho wa aina yao, waliotoka Dvůr Králové mwaka 2009 pamoja na madume Sudan na Suni. Suni alikufa 2014, Sudan 2018. Hakuna kati ya majike hao anayeweza kubeba mimba salama. Tangu Agosti 2019 mayai yamekuwa yakitolewa, yanarutubishwa maabara nchini Italia kwa mbegu zilizogandishwa, na viinitete vinahifadhiwa katika naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Atakayebeba ni kifaru mweupe wa kusini. Mwanzoni mwa 2024 ilitangazwa kwamba mbinu hiyo imewezekana kwa kiinitete cha kusini, mimba ikafika siku 70, ila mama alikufa kwa maambukizi ya bakteria.

Babu zetu walivua furu wa kila rangi. Kama wapo kwenye matangi ya Marekani na Ulaya, kwa nini wasirudishwe Ziwa Victoria?
*Mvuvi, Mwanza*

Wapo, ndugu mvuvi, aina chache kati ya mamia zilizokuwepo. Sangara waliingizwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, na walipofurika miaka ya 1980 furu walipukutika. Mapema miaka ya 1990 matangi ya Marekani yalianza mpango wa pamoja wa kuzalisha aina kadhaa.

Ufugaji wake si mgumu, ugumu uko kwenye kutowachanganya. Furu wa aina mbili wakikaa tangi moja huzaana, na uzao wao unazaa vizuri kabisa. Majike ya aina nyingi yanafanana, ya kijivu, hivyo kosa la ndoo moja huonekana baada ya vizazi viwili, wakati aina zote mbili zimeharibika. Kanuni ni aina moja, tangi moja, wavu mmoja. Dume hulinda eneo lake na kuua wenzake, kwa hiyo huwekwa majike kadhaa kwa dume mmoja na mawe ya kujificha. Jike hulea mayai na vifaranga mdomoni kwa takribani wiki tatu bila kula. Akishtuliwa huyatema au kuyameza.

Kuwarudisha sasa ni kumlisha sangara. Na pana sababu ya pili, isiyosemwa sana: maji yenyewe yamekuwa na tope na rangi ya kijani kwa mbolea na maji taka. Jike la furu humtambua dume wa aina yake kwa rangi. Asipoiona, huzaa na yeyote, na aina mbili zinageuka moja bila sangara yeyote kuhusika.

Kwa maoni yetu tumaini la karibu haliko New York. Liko kwenye ukingo wa mafunjo, ambako hewa ya majini ni haba na sangara hawezi kukaa, na kwenye viziwa vya pembeni kama Kanyaboli upande wa Kenya na vile vidogo vya karibu na Nabugabo upande wa Uganda. Ngege wa asili, aliyepotea kwenye ziwa kubwa, bado yupo Kanyaboli. Kwa hiyo ukikutana na anayefyeka mafunjo kupanua shamba, au anayebeba vifaranga vya sangara au sato wa kigeni kwenda kwenye kiziwa kidogo, hapo ndipo pa kusimama.

Napeleka wanafunzi 60 kwenye bustani ya wanyama. Nitajuaje kama inahifadhi au inaonyesha tu?
*Mwalimu, Morogoro*

Mwalimu, uliza maswali manne langoni. Mnyama huyu ametoka wapi, amezaliwa kizimbani au amekamatwa porini? Nani anatunza kitabu cha nasaba ya aina hii, na namba ya huyu ni ipi? Mwaka uliopita mmepeleka nini porini, iwe wanyama, fedha au watu? Wanyama wapya wanakaa wapi kabla ya kuchanganywa na wengine? Wasipokuwa na chumba cha karantini cha angalau siku 30, chenye viatu na ndoo zake, majibu mengine yote hayana uzito. Bustani inayoruhusu watoto kushika na kupiga picha na watoto wa simba inahitaji watoto wapya kila miezi michache, nawe jiulize wale wa mwaka jana wako wapi.

Naongoza wageni kwenye mito ya Udzungwa. Nasikia viatu vyetu hubeba ukungu unaoua vyura. Nifanye nini bila vifaa vya maabara?
*Mwongoza watalii, Mang'ula*

Unahitaji brashi, ndoo mbili, jiki na jua.

Kwanza sugua tope lote kwa brashi na maji, mbali na mto. Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ikirukwa dawa haifanyi kazi, kwa sababu tope na majani hulimaliza nguvu jiki kabla halijafika kwenye ukungu. Kisha changanya jiki. Soma chupa: ikiwa na asilimia 3.5 ya haipokloraiti ya sodiamu, kikombe 1 cha jiki kwa vikombe 2 na nusu vya maji hutoa asilimia 1. Loweka soli, kamba na ncha za fimbo kwa dakika moja kamili, kisha suuza kwa maji safi na umwage mabaki mbali na kijito, maana jiki nalo huua vyura. Changanya upya kila asubuhi. Lililolala kwenye ndoo wazi limepoteza nguvu.

Usipokuwa na jiki, ukavu unatosha. Kitridi hufa kikikauka kabisa kwa saa 3, lakini kabisa maana yake hata ndani ya mshono na chini ya soli ya ndani. Buti la ngozi halikauki kwa saa 3 za jua. Lipe siku mbili, uwe na jozi ya pili. Maji ya nyuzi 60 kwa dakika 5 yanafaa kwa nyavu na soksi.

Anza siku kwenye mto wa juu, usiokanyagwa, umalizie wa chini penye watu, na usafishe kati ya mto na mto, si jioni tu. Usimhamishe chura hata mmoja kutoka kijito kimoja hadi kingine kwa ajili ya picha. Ukikuta vyura wafu wawili au zaidi mahali pamoja, usiwaguse kwa mkono mtupu. Piga picha, andika mahali na saa, na utoe taarifa kwa wahifadhi siku hiyo hiyo, kwa sababu chura mfu huoza ndani ya saa chache na baada ya hapo ngozi yake haisomeki tena.